Mzazi Anaporudi Chuoni

Wahenga wa pwani yetu walituachia methali isemayo samaki mkunje angali mbichi, na kila mzazi huikariri anapojihimiza kumfunza mwanawe adabu na maarifa kabla siku hazijampita. Ni methali ya kweli, wala sina nia ya kuibatilisha; lakini ina upande wa pili ambao aghalabu hatuutazami. Ikiwa samaki aliyekauka hakunjiki, basi huyo mzazi anayemkunja mwanawe ni nani, kama si samaki aliyekwisha kukauka? Mzazi ambaye, kwa dharura au kwa hiari, ameamua kuwasomesha watoto wake nyumbani badala ya kuwakabidhi kwa mwalimu wa skuli, hukabiliwa na swali hilo kila jioni anapotandika mkeka na kufungua daftari, maana hapo ndipo anapobaini kwamba mengi aliyodhani anayajua aliyakariri tu, na mengine hakupata kuyajua kabisa. Je, mtu mzima wa namna hiyo ana haki ya kufundisha? Na ikiwa hana, ni faradhi juu yake kurudi chuoni, hali ya kuwa mvi zimekwisha kumtoka kichwani?

Nitaeleza jambo dogo nililolishuhudia kwa macho yangu. Nilikuwa mgeni katika nyumba ya jamaa zangu, na mama mwenye nyumba alikuwa akimsomesha hesabu binti yake wa miaka kumi. Hesabu yenyewe ilikuwa hii: moja na robo tatu igawanywe kwa nusu. Mama akamfundisha kama alivyofundishwa yeye, kwamba nusu igeuzwe iwe mbili, kisha izidishwe, na jibu litakuwa tatu na nusu. Mtoto akaandika, akatulia, kisha akauliza, "Mama, ikiwa tunagawanya, mbona jibu limekuwa kubwa kuliko kile tulichokigawanya?" Mama angaliweza kumwambia kwamba hiyo ndiyo kanuni, na mambo yakaisha, kwa kuwa yeye mwenyewe aliambiwa hivyo alipokuwa na umri kama ule. Alinyamaza kitambo, akasema, "Sijui, mwanangu. Nipe usiku huu."

Siku ya pili akaja na mikate miwili. Akakata robo ya mkate mmoja akaiweka kando, ukabaki mkate mmoja na robo tatu, akamwambia binti yake aukate kwa vipande vya nusu nusu na kuvihesabu. Vikatoka vipande vitatu vya nusu, na kikasalia kipande cha robo, ambacho ni nusu ya nusu. "Nusu zilizomo ni tatu na nusu!" mtoto akapaza sauti. Nilimtazama mama, nikaona macho yake yamelowa. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa amelimiliki jibu bila ya kuimiliki maana yake. Wala yeye si wa kulaumiwa peke yake: mtaalamu Liping Ma, katika kitabu chake cha mwaka 1999, ameeleza kwamba alipowapa walimu wa skuli za msingi za Marekani hesabu hiyohiyo, na kuwaomba watunge kisa cha kuifafanua, walio wengi walishindwa. Ujinga wa mtu mzima mara nyingi hukaa chini ya kivuli cha kanuni, na hautoki humo mpaka mtoto auulize.

Sasa wanazuoni wana kauli mashuhuri, kwamba asiye na kitu hawezi kukitoa, na kauli hiyo hutumiwa kuwa hoja ya kuwanyamazisha wazazi: vipi baba asiyejua jiografia atafundisha jiografia, na vipi mama aliyeishia darasa la saba atamfikisha binti yake mbele ya hapo? Naikubali kauli hiyo yote. Ninachouliza ni kitu gani hasa kilichotolewa asubuhi ile ya mikate. Kama ni kanuni ya kugawanya, mtoto alikuwa nayo tangu jana yake. Kilichotoka kwa mama kikaingia kwa mwana ni mwendo wa kutafuta: kukiri kwamba hujui, kulala na swali usiku kucha, na kuamka ukiwa na kisu na mikate mkononi. Hicho ndicho alichokuwa nacho, ndipo akakitoa. Basi kauli ya wanazuoni imesimama palepale, ila imebadilisha anayelaumiwa. Mtu aliyekoma kujifunza hawezi kumpa mtoto mapenzi ya kujifunza, hata kama ukuta wake umepambwa kwa shahada. Na anayejifunza anaweza kuyatoa, hata kama alianza jana.

Swali hili si geni duniani. Plato, mwanafalsafa wa Kiyunani, aliandika mazungumzo yaitwayo Laches, ambayo yanaanza kwa wazazi wawili wa mji wa Athene, Lysimachus na Melesias. Wote wawili walikuwa watoto wa watu wakubwa: baba yake Lysimachus alikuwa Aristides, yule aliyesifiwa kwa uadilifu, na baba yake Melesias alikuwa Thucydides, kiongozi aliyeshindana na Pericles. Lakini wao wenyewe hawakutenda jambo la kukumbukwa. Walikuwa wakila pamoja na watoto wao, wakiwasimulia matendo ya babu zao katika vita na katika amani, na hawakuwa na tendo lao wenyewe la kusimulia. Wakaona haya mbele ya wana wao, wakawalaumu baba zao kwa kushughulika na mambo ya watu na kuwaacha wao wakue ovyo, wakaazimu kwamba watoto wao hawatatendewa vivyo. Basi wakawaendea majemadari wawili, Nicias na Laches, kuwauliza kama yafaa vijana wafundishwe kupigana kwa silaha nzito.

Majemadari wakahitilafiana, mmoja akisema yafaa na mwingine akisema haifai. Lysimachus akamtaka Socrates, mwanafalsafa aliyekuwapo pale, apige kura ya kuamua, na Socrates akakataa, kwa hoja kwamba jambo kubwa kama malezi ya wana haliamuliwi kwa wingi wa watu bali kwa ujuzi. Akawarudisha kwenye asili ya jambo: ikiwa tunataka vijana wawe mashujaa, ushujaa ni nini? Na hapo, watu waliokwisha kuongoza majeshi vitani, watu waliouona ushujaa kwa macho na kuutenda kwa mikono, hawakuweza kuueleza. Mazungumzo yanaisha bila ya jibu. Ila yanaisha kwa shauri ambalo naliona ni moja katika mashauri bora yaliyopata kutolewa juu ya malezi: Socrates aliwaambia kwamba, maadamu wote wameonekana hawajui, si haki mmoja wao ajifanye mwalimu, wajibu wao ni kutafuta mwalimu bora, kwanza kwa ajili ya nafsi zao wenyewe, kwa kuwa wanamhitaji, na kisha kwa ajili ya vijana, wala wasichelee mali wala kitu kingine, na kama watu watawacheka kwa kwenda chuoni na umri ule, basi na wacheke.

Kwanza nafsi zao, kisha watoto. Mfuatano huo, ambao Socrates aliufikia kwa mjadala, dini zimeuweka kwa amri. Katika Kurani Tukufu, Sura ya Tahrim, aya ya 6, waumini wanaamrishwa kuzikinga na moto nafsi zao pamoja na ahali zao, na nafsi zimetangulia kutajwa. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Wana wa Israeli wanaambiwa kwanza kwamba maneno ya Mungu yawe mioyoni mwao, na baada ya hapo ndipo wanaposhurutishwa kuwafundisha watoto wao kwa bidii, waketipo nyumbani na watembeapo njiani, walalapo na waondokapo. Sidhani kwamba mfuatano huu ni wa sadfa. Anayetaka kumkinga mwanawe huku mwenyewe amesimama motoni, na anayetaka kutia katika moyo wa mtoto neno ambalo halimo moyoni mwake, wote wawili wanajaribu kuruka daraja ambayo hairukiki. Kwa sababu hiyo nasema kwamba elimu ya mzazi haikuja kuongezwa pembeni mwa malezi iwapo nafasi imepatikana. Ndiyo daraja ya kwanza ya malezi yenyewe.

Yuko baba mmoja wa Kiafrika aliyelitazama jambo hili kwa kina kuliko wengi. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria, alirudi kwao baada ya kuacha kazi ya ualimu wa balagha huko Milan, na mnamo mwaka 389 akaandika kitabu kiitwacho De Magistro, yaani Juu ya Mwalimu. Kitabu hicho ni mazungumzo baina yake na mwanawe Adeodatus, kijana wa miaka kama kumi na sita, na Agostino ameshuhudia kwingine kwamba mawazo yaliyowekwa kinywani mwa kijana yalikuwa yake kweli. Baba na mwana wanauliza: je, mtu aweza kumfundisha mtu? Na jibu wanalofikia linashangaza kutoka kwa mwalimu wa miaka mingi: maneno ya mwalimu ni ishara tu, hayawezi kumwonyesha mwanafunzi kitu asichokiona kwa nuru iliyo ndani yake, na Mwalimu wa kweli ni mmoja, ambaye kwa imani ya Agostino ni Kristo akaaye ndani ya moyo. Kijana yule alifariki haukupita muda mrefu.

Hata asiyekubaliana na imani ya Agostino anaweza kuokota faida humo. Ikiwa mwalimu wa kweli yuko juu ya wote wawili, basi baba na mwana wameketi kwenye mkeka mmoja, wote ni wanafunzi, tofauti yao ni kwamba mmoja alitangulia kuketi. Mzazi anayefahamu hivyo hapotezi heshima yake mtoto anapomshinda kwa swali. Heshima yake haikuwa imejengwa juu ya kujua yote.

Lakini kizuizi kikubwa cha mtu mzima si akili wala umri. Kizuizi chake ni haya. Nasi tuna wajibu wa kupambanua, kwa kuwa haya ni sehemu ya imani na murua wa mtu, ila iko aina yake iliyo kiburi kilichovaa kanzu ya haya. Anayeona haya kutenda ovu ana haya ya kweli. Anayeona haya kuuliza, huyo anachelea cheo chake. Bukhari, mkusanyaji mkuu wa hadithi, katika mlango wa elimu ameitaja nasaha ya Sayyidna Umar kwamba watu wajifunze kabla hawajafanywa mabwana, akaongeza yeye mwenyewe kwamba na baada ya kufanywa mabwana pia, kwa kuwa masahaba wa Mtume walijifunza na hali umri wao umekwisha kuwa mkubwa. Na katika zama zetu, mwezi wa Januari mwaka 2004, Mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika skuli ya msingi mjini Eldoret, nchini Kenya, akiwa amevaa kaptura na soksi kama wanafunzi wenziwe. Katika sababu alizozitaja ni kwamba alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe. Mzee yule aliivua haya ya uongo, ndipo akaweza kuivaa sare ya mtoto.

Sasa tuirudie methali yetu ya samaki. Ni nini kinachomkausha samaki? Miaka haimkaushi, maana baharini wako samaki wazee waliokwisha kuishi dahari nyingi na miili yao ingali ikikunjika. Kinachomkausha ni kutolewa majini na kuanikwa. Na sisi wenyewe ndio tusemao kwamba elimu ni bahari. Basi mtu mzima aliyekauka hakukaushwa na umri, bali siku moja, pengine alipopewa cheti, alitoka majini akajianika, akadhani kwamba safari imekwisha. John Holt wa Marekani, aliyekuwa mwalimu wa skuli na hatimaye akawa mtetezi mashuhuri wa wazazi wanaosomesha nyumbani, akaanzisha mwaka 1977 jarida la kuwaunganisha, hakuwa na mtoto wake mwenyewe. Lakini alipokuwa na umri wa miaka arubaini alianza kujifunza kupiga chelo, ile fidla kubwa ipigwayo mtu akiwa ameketi, na mwaka 1978 akatoa kitabu kueleza kwamba hapana wakati uliokwisha kupita. Naona kwamba aliyoyasema juu ya watoto yasingalikuwa na uzito uleule lau yeye mwenyewe hangekubali kuwa mwanagenzi, vidole vikimkataa na sauti zikitoka mbovu mbele ya watu.

Na yaliyowezekana kwa mtu mmoja yamepata kuwezekana kwa taifa zima. Mwalimu Julius Nyerere, mwaka 1964, alishika hoja kwamba Tanganyika haina budi kuwaelimisha watu wazima kwanza, kwa kuwa watoto watachukua miaka mingi kabla elimu yao haijaleta tija. Na mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Skuli za msingi zikawa na kazi mbili, za watoto na za wazazi wao. Ndipo ngumbaru wakaketi katika madawati yaliyokuwa madogo kwa magoti yao, wakashika chaki kwa mikono iliyozoea jembe. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa kiasi cha 67 katika kila 100. Kufika mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wamebaki chini ya 10. Nyuma ya tarakimu hizo naona kitu kisichohesabika: mtoto aliyemwona mama yake akiisoma kwa mara ya kwanza barua aliyoletewa, bila ya kumtafuta msomaji. Mtoto huyo alipata somo ambalo mwalimu wa asubuhi hakulitia katika ratiba.

Nasi watu wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa nyumba iliyokuwa chuo. Mwana Kupona binti Mshamu, mkewe Bwana Mataka wa Siyu, alipokuwa mgonjwa, mnamo mwaka 1858, alimwita binti yake Mwana Hashima aje na wino na karatasi, akamtungia utendi wa wasia ambao unasomwa mpaka leo. Watu wa zama hizi wanaweza kuhitilafiana naye katika baadhi ya nasaha zake, na ni haki yao. Mimi nayatazama mambo mawili. La kwanza ni kwamba mama asingaliweza kuandika wasia kwa mizani na vina, na lugha iliyokomaa vile, kama hakuwa amejishughulisha na elimu katika maisha yake ya utu uzima, katikati ya ndoa, malezi na misiba. La pili ni kwamba utendi ulioanzwa kwa ajili ya binti mmoja, katika beti zake za mwisho unawaalika wanawake wote wausome. Darasa la mtoto likawa darasa la watu wazima. Hivyo ndivyo malezi mema yanavyokwenda: anayeanza kwa kumfundisha mwanawe huishia kuwafundisha wakubwa wenzake, na wa kwanza wao ni yeye mwenyewe.

Nisije nikafahamika vibaya. Sisemi kwamba kila nyumba igeuzwe skuli, wala kwamba mzazi ajifungie na mtoto wake ndani ili ujinga wao usionekane na watu. Socrates alishauri atafutwe mwalimu bora, na kutambua kwamba somo fulani limekushinda, ukaenda kwa anayelijua, ni katika elimu. Wala sisahau kwamba kujifunza kunataka wasaa, na kwamba mama aliyeamka alfajiri kutafuta maji, akashinda sokoni, akarudi jioni kupika, hawezi kuhukumiwa sawa na mwenye nafasi. Jamii inayotaka wazazi walio wanafunzi ina deni la kuwapa taa, vitabu na saa ya kupumzika. Walio wengi kati yetu tunawapeleka watoto wetu skuli. Lakini watoto hurudi alasiri na maswali mkobani, na mbele ya swali la mtoto kila mzazi, atake asitake, ni mwalimu wa nyumbani. Atalijibu kwa kulifukuza, au kwa kuomba usiku mmoja.

Mazungumzo ya Laches yana mwisho ambao kila nikiusoma hunikumbusha kwetu. Baada ya majemadari kushindwa na hoja kukatika, Lysimachus, aliye mkubwa kwa umri kuliko wote waliokuwapo, alisema kwamba kwa kadiri alivyo mzee ndivyo anavyotaka kwa hamu zaidi kujifunza pamoja na vijana. Akamwomba Socrates aje nyumbani kwake kesho yake alfajiri, ili washauriane juu ya jambo hilohilo. Hakuomba mwaka wala mwezi, ila asubuhi moja, kama yule mama aliyeomba usiku mmoja. Na Socrates akaahidi kwamba atakuja, Mungu akipenda. Naye mtu wa pwani, akiaga barazani baada ya mazungumzo ambayo hayajaisha, angesema vivyo hivyo: kesho asubuhi, inshallah.